Saa ya Ugenini

Wenzangu wanaokusudia kwenda Ujerumani kufanya kazi ya kutunga programu za kompyuta aghalabu huniuliza habari za viza, mshahara na baridi, nami huwajibu kwa ufupi, maana hayo yote yana maandishi yake na maofisa wake. Walakini jambo lililonitaabisha mimi mwaka wangu wa kwanza mjini Berlin, nyumbani na kazini pia, hakuna aliyepata kuniuliza, nalo ni saa.

Sheria ya huko humtaka mgeni aliyehamia katika nyumba ajiandikishe ofisi ya wakazi kabla ya majuma mawili kwisha, akiwa na barua ya mwenye nyumba ya kumthibitisha. Na asipoandikishwa, nambari ya kodi yenye tarakimu 11, ambayo mwajiri huitaka, haina anwani ya kupelekwa. Basi bibi mwenye nyumba akaniagiza nikachukue barua hiyo “halb acht”, tafsiri yake neno kwa neno ni “nusu nane”. Nami, niliyezoea tangu utotoni Tanga kuona nane kwenye uso wa saa na kutamka mbili, nikapiga hesabu yangu barabara, nikafika saa mbili na nusu, nikamkosa, amekwisha kwenda zake kazini. Kumbe Mjerumani haitazami nusu iliyoizidi saa, bali nusu inayobaki kuifikia: alikusudia saa moja na nusu. Nasi twafanya vivyo hivyo kwa robo, tusemapo kasorobo, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumcheka.

Hesabu yetu ni ya jua. Pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa karibu na ikweta, jua huchomoza na kuchwa takriban wakati ule ule mwaka mzima, hata saa moja ya asubuhi ikawa kweli ni ya kwanza ya mchana. Na siku mpya huingia magharibi, ndiyo sababu usiku tuuitao wa Ijumaa, watu wa Berlin huuita wa Alhamisi. Ama huko kwao, mwezi Desemba mchana haufiki saa nane, na mtu huenda kazini saa mbili ya asubuhi ilhali giza halijaondoka. Na mwezi Juni mchana hukaribia saa kumi na saba, hata saa tatu ya usiku jua lingali juu ya mapaa. Usiku gani huo?

Kompyuta nayo haijui asubuhi wala jioni. Nyingi huhesabu sekunde tu tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu, ambayo saa yetu huitangulia kwa saa tatu, na katika hesabu hiyo kavu programu hutakiwa kutoa saa ya ukutani ya mahali fulani. Aliyejifunza kazi Dar es Salaam huongeza tatu, akalala. Ujerumani huongezwa moja wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, kwani Jumapili ya mwisho ya Machi, ifikapo saa nane ya usiku, saa zote husukumwa mpaka tisa, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba ile tisa hurudishwa kuwa nane, hata saa moja nzima ikapita mara mbili usiku mmoja. Desturi hii waliianza 1916, wakati wa vita, kwa kusudi la kuweka akiba ya makaa na mafuta. Ikaachwa, ikarudi, na hii ya sasa imedumu tangu 1980.

Mimi nilikuwa nimetunga programu ya kuwapelekea watu wa ghala orodha ya mizigo kila siku saa mbili ya asubuhi, nikaiamuru ingoje sekunde 86,400 baada ya kila safari, ambazo ni saa 24 kamili, wala sikukumbuka kwamba Jumapili ile ya Machi ina saa 23. Jumatatu wakaketi saa nzima juu ya masanduku wakingoja orodha. Mkubwa wangu hakugomba. Aliniuliza kama kwetu saa hazisogezwi, na nilipomwambia hazisogezwi, akanitazama kwa husuda.

Dawa yake ni kutohifadhi muda wa kungoja, bali saa ya ukutani pamoja na jina la mahali, kisha kuiachia programu ilitafute jina hilo katika daftari la majira ya dunia, ambalo wataalamu hulitunza kwa hiari na nakala zake zimo katika simu na kompyuta nyingi mno. Nililifungua daftari hilo kuitafuta Dar es Salaam, nikakuta haina maelezo yake yenyewe: imeelekezwa tu kwa Nairobi. Nilinuna kidogo.

Mama yangu mimi humpigia simu baada ya sala ya isha ya Tanga. Wakati wa joto huwa nimekwisha fika nyumbani; wakati wa baridi saa hiyo hunikuta ningali kazini, nikajiiba kwenda ngazini, naye husikia mwangwi wa kuta akauliza mbona leo nimempigia mapema.