Wiski ya Mahindi na Mabishano ya Ladha Mpakani

Petite Barrière ni lango la waendao kwa miguu baina ya Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, na mtaa wa Birere mjini Goma. Malori hupita Grande Barrière, karibu na Ziwa Kivu. Hapa hupita watu, na hasa akina mama wenye mizigo ya nyanya, viazi na vitenge kichwani. Askari awekwaye zamu mahali kama hapa hutambua upesi kwamba katika vyote vivukavyo hakuna kizuacho ubishi kama chupa. Bia ya Primus ni mfano mmoja. Ilianza kupikwa Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1926, na kiwanda cha bia cha Gisenyi kikaanzishwa mwaka 1957. Jina ni moja pande zote mbili, lakini wanywaji huapa kwamba ladha ni mbili.

Bia tuiache kwa leo. Maudhui yetu ni wiski ya Kimarekani, ambayo siku hizi huonekana juu ya rafu za mahoteli ya ufukweni na katika mabwalo ya maafisa, na ambayo wengi huinywa bila kujua imetokana na nini.

Wiski iitwayo bourbon ni pombe ya mahindi. Sheria ya Marekani huamuru kwamba mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka zake. Zinazosalia aghalabu ni kimea cha shayiri pamoja na rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Sasa, ndugu msomaji, hebu itazame lotoko, ile pombe ya moshi ipikwayo upande wa Kongo. Nayo hutokana na mahindi, pamoja na mihogo. Na mahindi yenyewe yalikuja Afrika kutoka Amerika baada ya safari za Columbus. Kwa hiyo mzee wa Masisi na bwana wa Kentucky hunywa zao la shamba moja.

Kinachowatenga ni pipa na subira. Bourbon hutiwa katika pipa jipya la mwaloni ambalo ndani limeunguzwa kwa moto mpaka likawa makaa. Humo ndimo ipatamo rangi yake ya hudhurungi, harufu ya vanila na utamu wa sukari iliyoungua, kwani sheria hairuhusu kutia rangi wala kionjo. Ile iandikwayo “straight” hukaa pipani si chini ya miaka miwili, na ikiwa haijatimiza minne lazima umri wake uandikwe juu ya chupa. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilitangaza kwamba bourbon ni zao la nchi hiyo peke yake.

Hapo ndipo mabishano ya ladha yanapoanza. Mimi napenda bourbon kwa sambaza wa kukaanga, kwa kuwa utamu wake hupatana na chumvi ya samaki. Sajini mmoja ambaye nimebishana naye mara nyingi hataki kusikia habari hiyo. “Afande,” huniambia, “hiyo ni sharubati. Nipe ya rai.” Wiski ya rai, ambayo nayo yapasa iwe na rai isiyopungua asilimia 51, ni kavu, na huwasha ulimi mfano wa pilipili manga. Nakiri inafaa kwa mishikaki ya mbuzi. Zaidi ya hapo sikubali.

Wa tatu ni wapenzi wa Jack Daniel's ya Tennessee. Wiski hiyo kabla ya kuingia pipani huchujwa tone kwa tone katika mkaa wa mti wa mepo, na ndiyo sababu hushuka kooni kwa ulaini. Aliyemfundisha Jack Daniel kazi hiyo alikuwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa, jina lake Nathan Green. Kampuni haikulitangaza jina hilo waziwazi mpaka mwaka 2016.

Historia ya kinywaji hiki inawahusu wanajeshi zaidi ya wanavyodhani. Mwaka 1791 serikali ya Marekani iliitoza wiski ushuru. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walikasirika, kwani kuvusha magunia ya rai ng'ambo ya milima kulikuwa na gharama kubwa, ilhali nafaka hiyo ikigeuzwa wiski ilikuwa mzigo mdogo wenye thamani kubwa. Mama wa Petite Barrière angeifahamu hesabu hiyo bila kufundishwa. Waliasi mwaka 1794, na Rais George Washington akakusanya wanamgambo wapatao 13,000 kuwazima. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 1797 Washington huyo huyo alianza kupika wiski ya rai shambani kwake Mount Vernon, na mwaka 1799 alitoa galoni zikaribiazo 11,000.

Askari wa Marekani nao walikuwa wakipewa posho ya pombe kali kila siku. Posho hiyo ilifutwa mwaka 1832, wakapewa kahawa na sukari badala yake.

Na sasa lile ambalo halina ubishi. Katika Ruanda, sheria huiweka kanyanga katika fungu la dawa za kulevya. Uganda ilichagua njia nyingine: mwaka 1965 ilitunga sheria ya kudhibiti upikaji wa enguli kwa leseni. Lakini nchi zote zina adui mmoja, nayo ni methanoli, alkoholi ya viwandani ambayo walanguzi huichanganya katika pombe ili kuongeza ukali. Mjini Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2000, iliua watu zaidi ya mia moja, na wengine wakapofuka. Katika eneo la Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, makumi ya watu walikufa mwaka 2010.

Wako wanywaji wajigambao kwamba ulimi wao hupambanua pombe njema na mbovu. Kwa methanoli ulimi huo ni bure. Ladha yake haipambanuki na ya pombe ya kawaida, na kuiwasha moto ili kutazama rangi ya mwali si kipimo cha kutegemewa. Chupa yenye jina kubwa la Kimarekani nayo si hoja, kwa maana chupa tupu zaweza kukusanywa na kujazwa upya. Tazama kifuniko na lakiri kama vimechezewa, na ujiulize kwa nini bei ni nusu ya ile ya dukani.

Dalili hukawia, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, kisha macho kuona ukungu. Mwenzio akilalamika kwamba haoni vizuri siku ya pili baada ya kunywa, usimwache alale akidhani ni uchovu wa ulevi. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyonywea ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione.