Zabibu haina subira: kwa nini mvinyo wa Dodoma huanzia kando ya shamba

Nunua ndizi mbichi leo, zifunike jikoni, na baada ya siku chache utakula ndizi mbivu. Sasa fanya hivyo hivyo kwa kichala cha zabibu chachu. Utasubiri wiki nzima na mwisho utabaki na zabibu chachu zilizonyauka.

Tofauti yao ni hii. Ndizi, embe na parachichi huendelea kuiva baada ya kukatwa. Hutoa gesi iitwayo ethilini, na kwa upande wa ndizi na embe, wanga uliohifadhiwa ndani hugeuka kuwa sukari. Zabibu haina akiba hiyo ya wanga. Sukari yake hutengenezwa kwenye majani na kuletwa kupitia kikonyo, kwa hiyo siku ukikata kikonyo umefunga bomba.

Ishike tofauti hiyo kichwani, maana mengi ninayotaka kukueleza yanatoka hapo. Mkulima wa mahindi akiona bei mbaya hufunga magunia yake akasubiri. Mwenye zabibu hana nafasi hiyo. Akikata mapema, uchachu haurudi nyuma. Akichelewa, ndege na nyuki wanamaliza na nyingine zinaoza mtini. Akikata siku yenyewe na gari la mnunuzi lisije, zile zilizopasuka chini ya kreti zinaanza kuchacha zenyewe. Sote tumesikia, si mara moja, habari za zabibu za Dodoma kuoza kwa kukosa mnunuzi, na watu husema "tatizo ni soko". Sawa, lakini soko hilo limekaa juu ya baiolojia, na huwezi kulielewa moja bila lingine.

Lakini kwanza, zabibu zinafanya nini Dodoma? Mzabibu unaotumika kwa mvinyo, Vitis vinifera, umezoea nchi zenye majira ya baridi. Ulaya hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, huamka joto likirudi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma ipo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha mzabibu wenyewe utaendelea kutoa majani mwaka mzima, huku umeishiwa nguvu na huna mavuno ya maana.

Kinachochukua nafasi ya baridi ni mkasi. Mkulima akipogoa, anaondoa zile ncha za matawi ambazo, kwa homoni zake, huyazuia macho ya chini yasichipue. Macho yaliyobaki yanaamka kwa pamoja, yanatoa matawi mapya yenye maua, na baada ya miezi minne hivi kuna vichala vya kuvuna. Yaani kalenda ya shamba la zabibu Dodoma haipangwi na majira pekee, inapangwa pia na siku ya kupogoa. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwenye Machi au Aprili, kisha tena Agosti na Septemba. Wakulima wengi wa mvinyo Ulaya wangeona hilo ni maajabu.

Kumbe mavuno hayo mawili si mapacha. Mvua ya Dodoma haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Mavuno ya Machi kwa hiyo huivia katikati ya unyevu. Tunda linanyonya maji, sukari inazimuliwa, ngozi inapasuka, na magonjwa ya ukungu kama ubwiri yanapata sherehe. Ya Agosti huivia kwenye ukame, na mkulima mwenye maji ya kumwagilia ndiye anayeamua mzabibu unywe kiasi gani. Ongeza na mwinuko: mji upo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Hilo lina maana kubwa kwa sababu tunda, kama mimi na wewe, linapumua. Kwenye kupumua huko linachoma asidi ya maliki, ile inayoupa mvinyo ukali wake mzuri mdomoni. Usiku wa joto huchoma nyingi na usiku wa baridi huibakiza. Ukipewa chupa mbili za zabibu aina moja kutoka shamba moja, moja ya Machi na nyingine ya Agosti, usishangae zikiwa na tabia tofauti.

Hapa niweke neno kuhusu udongo, maana wauzaji wa mvinyo hupenda kusema unaonja ardhi yenyewe ndani ya glasi. Hapana. Mizizi haipandishi harufu ya udongo hadi kwenye tunda. Inachofanya ardhi ni kuamua maji. Udongo wa kichanga hupitisha maji haraka, mzabibu unakaa na kiu kidogo, matunda yanabaki madogo. Tunda dogo lina ngozi nyingi kulinganisha na maji yake, na ngozi ndiyo yenye rangi, harufu na ule ukakasi. Jaribu mwenyewe: menya zabibu nyekundu, ukamue ndani. Isipokuwa kwa aina chache sana, utapata maji yasiyo na rangi. Mvinyo mwekundu ni mwekundu kwa sababu umechachushwa pamoja na maganda. Basi ardhi inaonekana ndani ya chupa, ila kwa njia ya mzunguko.

Nilikwenda kuyaona haya kwa macho wakati nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula. Kiwanda nilichofikia kilikuwa cha mama mmoja wa makamo, nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka kwenye mizabibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla sijamaliza kujitambulisha alishanikabidhi ndoo. "Marahaba mwanangu, maelezo baadaye, sasa hivi zabibu zinapata jua." Ilikuwa saa moja asubuhi na tayari walikuwa wamechelewa. Wanaanza kuvuna gizagiza ili tunda liingie likiwa la baridi, na sababu yake nilikuja kuielewa mchana.

Chukua hesabu rahisi. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi, gesi ya kaboni dayoksaidi na joto. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kilevi. Juisi yenye gramu 220 kwa lita itakupa mvinyo wa karibu asilimia 13. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni lile joto. Kama joto lote la kuchachusha sukari hiyo lingebaki ndani, mchuzi ungepanda kwa zaidi ya nyuzi 20. Anza na zabibu zilizovunwa saa nane mchana zikiwa na nyuzi 30, uone unafika wapi! Hamira huanza kuteseka zikipita nyuzi 35 hivi, zinasimama kazi, na sukari inabaki haijaisha.

Viwanda vikubwa vina matangi yenye mitambo ya kupoza. Mama yule alikuwa na mapipa ya plastiki na magunia yaliyoloweshwa maji. Nikamwonea huruma, halafu nikapiga hesabu na huruma ikapungua. Pipa la lita 200 na tangi la lita 10,000 lenye umbo lile lile hazipoi sawa. Tangi lina ujazo mara 50, lakini eneo lake la nje ni kama mara 13.6 tu. Kwa kila lita moja, pipa dogo lina eneo la kutolea joto karibu mara 3.7 zaidi. Gunia bichi linamaliza sehemu kubwa ya kazi iliyobaki, kwa fizikia ile ile ya mtungi wa maji wa bibi yako. Udogo, kwa jambo hili, unamsaidia.

Kwa mambo mengine haumsaidii. Niliondoka na chupa yake nyingine? Hapana, ile iliyonipa somo niliinunua kwa mtu mwingine, mtengenezaji mdogo ambaye simtaji, mvinyo mtamu sana. Niliiweka juu ya kabati hosteli. Wiki ya tatu, usiku, kizibo kikaruka, na mashuka ya mwenzangu wa chumba hayajawahi kuwa meupe tena. Ninavyoelewa mimi, uchachushaji ulikuwa umesimama katikati, pengine kwa joto, sukari ikabaki, na hamira chache zikaingia kwenye chupa zikiwa hai. Joto la chumba changu likaziamsha. Ndani ya chupa iliyozibwa gesi haina pa kwenda. Dawa yake inajulikana: ama uache sukari iishe kabisa na uthibitishe kwa haidromita, ambayo si kifaa cha gharama ya kutisha, ama uchuje kwa kichujio cha matundu madogo kuliko hamira, ama utumie vihifadhi vinavyoruhusiwa kwa kipimo chake. Lakini fikiria mteja asiyejua haya. Kwake yeye habari ni fupi tu, kwamba mvinyo wa kienyeji hauaminiki. Chupa moja inawaharibia jina majirani wote.

Turudi kwa mama, kwa sababu bado sijakwambia kwa nini alijiingiza kwenye kazi hii. Familia yake ililima zabibu miaka mingi na kuuza matunda kama yalivyo. Mwaka mmoja mnunuzi hakurudi. Angekuwa analima alizeti angeacha mwaka uliofuata, lakini mzabibu unachukua kama miaka miwili kabla haujaanza kulipa, kisha unaishi miongo. Huwezi kuung'oa leo na kuurudisha bei ikipanda. Akanunua mapipa. Kilo 1,000 za zabibu humpa lita 600 hadi 700 za mvinyo, na lita hizo, zikikaa bila hewa, zinaweza kungoja miezi. Hewa ndiyo adui: bakteria wa siki wanaitaka oksijeni ili wageuze kilevi kuwa asidi ya asetiki, kwa hiyo pipa lazima lijae hadi juu. Basi alichonunua yule mama hakikuwa chombo cha kupikia mvinyo tu, alinunua muda wa kujadiliana bei.

Ila hapa nina shaka yangu. Wasindikaji wadogo wengi hawafungashi. Wanauza "mchuzi wa zabibu" kwa jumla kwa kampuni zinazoweka kwenye chupa na kubandika nembo. Kwa maoni yangu hilo linasogeza tatizo mbele badala ya kulimaliza: zamani mkulima alimngoja mnunuzi na kreti zinazooza, sasa anamngoja na mapipa yaliyojaa wakati mavuno mengine yanakaribia na hana pa kuyaweka. Na kumbuka Dodoma mavuno hayasubiri mwaka, miezi mitano au sita tu yamefika tena. Nilipomuuliza mama kwa nini hafungashi mwenyewe, alinijibu kwa neno moja: chupa. Bei yake, usafiri wake, na zile zinazovunjika njiani.

Sheria, kwa upande wake, inajaribu kuifunga chupa na shamba. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania unautenga mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, na kuutoza kwa lita kiasi kidogo sana ukilinganisha na mvinyo mwingine. Kwa hiyo swali la "zabibu hizi zimetoka wapi?" si la wanywaji wenye majivuno peke yao. Lina shilingi ndani yake, kwa mtengenezaji na kwa yule aliyeshika mkasi.

Historia nayo ina mkono wake hapa. Kilimo hiki kilishika mizizi kupitia wamisionari Wakatoliki, Bihawana likiwa jina linalotajwa zaidi, kwa kuwa misa inahitaji divai (kanisani ni divai, baa ni mvinyo, na wakazi wengi wa mjini wanaijua dompo tu). Leo aina nyekundu inayotawala mashambani inaitwa Makutupora, jina la eneo lililo kaskazini mwa mji ambako kuna kituo cha serikali cha utafiti wa zabibu. Kwa nyeupe, Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa, imezoea vizuri. Ukiona neno Makutupora kwenye nembo, una dalili nzuri ya ardhi iliyoitoa.

Ukipita Dodoma mwezi Agosti, nenda asubuhi mapema, uliza wanapovuna. Onja tunda moja mtini, kisha tafuna mbegu yake: ikiwa ya kijani na chungu, bado, ikiwa kahawia na inavunjika kama karanga iliyokaangwa, wakati umefika. Ule unga mweupe juu ya ngozi mara nyingi si dawa wala hamira, ni nta ya tunda lenyewe. Na wakikukabidhi ndoo, ipokee.