Filamu Zilizolala Ndani ya Maboksi

Mwaka 1997 niliharibu harusi ya watu. Sherehe yenyewe ilifana: pilau lililiwa, bibi harusi akatolewa akapendeza, taarabu ikapigwa hadi karibu na alfajiri. Nilichoharibu ni mkanda. Wakati huo nilikuwa msichana wa kupiga video hapa Tanga, kazi niliyoipata kwa sababu moja tu: usiku wa wanawake, mpiga video wa kiume haruhusiwi kuingia. Kamera yangu ilikuwa Panasonic ya kubeba begani, ile inayomeza kaseti nzima ya VHS, na masikio yake yalikuwa mabovu. Ikikaribia spika inakoroma. Ikienda mbali inasikia feni kuliko mwimbaji. Nikajitia ujanja. Nikaomba waya kutoka kwenye mixa ya kikundi, nikarekodi sauti pembeni kwa redio kaseti, nikijiambia nitaziunganisha nyumbani.

Wiki ya pili mama wa bibi harusi akaja kutazama. Alitulia kama dakika tatu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mdomo umefumbwa na sauti inatoka?"

Nikasema, "Samahani, mama," nikamrudishia nusu ya pesa. Kaseti ya picha akaondoka nayo, ya sauti ikabaki kwangu. Kwa miaka mingi niliamini kosa lile ni la ushamba wangu. Kumbe kuna bwana mmoja wa Hollywood aliyelifanya miaka 25 kabla yangu, tena mbele ya Aretha Franklin.

Tangu nijue hilo, filamu za muziki zimekuwa ugonjwa wangu. Nasema zile za kweli, ambamo mwimbaji anaimba na kamera ipo, sizo za waigizaji wanaojifanya wanamuziki. Na katika zote nilizotazama, zinazonishika zaidi ni zile zilizokaa gizani miaka mingi kabla ya mtu kuziona.

Tuanze na hiyo ya Aretha. Januari 1972 alikuwa na miaka 29, tayari malkia wa muziki wa soul, akarudi kuimba nyimbo za injili alizolelewa nazo. Tarehe 13 na 14, usiku, aliimba katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, eneo la Watts jijini Los Angeles, akiwa na Mchungaji James Cleveland na kwaya ya Southern California Community Choir. Sauti ikawa albamu, Amazing Grace, iliyouza zaidi ya nakala milioni mbili. Kazi ya picha alipewa mwongozaji Sydney Pollack.

Hapa naomba nieleze jambo la kifundi, kwa sababu ndilo kiini cha mkasa wote. Kamera za filamu za siku zile zilikuwa viziwi. Picha iliingia kwenye filamu, sauti ikaingia kwenye mashine nyingine kabisa. Ndiyo maana kukawa na kile kibao cheusi na cheupe kinachofungwa "ta!" mbele ya kamera. Mhariri anaona mbao zinagusana, anasikia mlio, anajua hapa na pale ni sekunde moja, anazifunga pamoja. Filamu ya milimita 16 huisha baada ya dakika kumi na moja hivi. Ukibadilisha nyingine, unapiga kibao upya. Ukiwa na kamera kadhaa, kila moja inaanza na kukoma kwa wakati wake, vibao vinakuwa vingi kama kokoto. Pollack na watu wake hawakupiga. Wakaishia na takribani saa 20 za picha bubu ambazo hakuna aliyeweza kuzioanisha na sauti. Boksi likafungwa.

Mwaka 2007 mtayarishaji Alan Elliott alizinunua picha zile, na safari hii kompyuta zikaweza kazi iliyowashinda wahariri. Kikazuka kikwazo kingine: Aretha mwenyewe alikwenda mahakamani, filamu ikazuiwa. Alifariki Agosti 2018. Novemba mwaka huohuo, kwa ridhaa ya familia yake, ikaonyeshwa New York. Ilikuwa imelala miaka 46.

Wapo wanaomlaumu kwa kuzuia. Mimi simo. Kwenye sherehe zetu wanawake wanavua mabuibui, wanasuka nywele, wanacheza wanavyotaka kwa kuwa wanajua nani yuko ukumbini. Picha ile ni yao kabla haijawa yangu. Nimeshaombwa na vijana niwape mikanda ya zamani waiweke mtandaoni, nikawaambia wakaombe ruhusa kwanza kwa wenyewe, mmoja mmoja. Hawakurudi.

Nilipoitazama Amazing Grace kwenye kompyuta ya mpwa wangu, jicho langu la kazi lilichekea makosa: wapiga picha wanapita mbele ya wenzao, Pollack mwenyewe anaonekana akiwaashiria kwa mikono. Halafu usiku wa pili Aretha amekaa kwenye piano, jasho linamtiririka, na baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, anainuka, anamkaribia na kumfuta uso kwa kitambaa huku binti akiendelea kuimba. Mwanamke mwenye umaarufu ule, kwa sekunde chache akawa mtoto wa mtu. Albamu niliyokuwa naisikiliza siku zote haikuwa na kitambaa kile. Nikakumbuka akina mama zetu wanavyoinuka vitini taratibu, noti mkononi, wakicheza hadi jukwaani kwenda kumtunza mwimbaji. Sauti peke yake haiwezi kukuonyesha noti inavyobandikwa kwenye paji la uso.

Filamu ya pili inaniuma zaidi kwa sababu iko kwenye mkanda wa video, jamaa ya mikanda yangu. Kiangazi cha 1969, Jumapili sita, watu weusi wa Harlem, jijini New York, walijazana kwenye bustani iliyokuwa ikiitwa Mount Morris Park kusikiliza Stevie Wonder, Nina Simone, Mahalia Jackson, B.B. King, na Sly and the Family Stone. Hal Tulchin alipiga takribani saa 40. Pesa ya taa hakuwa nayo, hivyo jukwaa likaelekezwa magharibi ili jua la mchana liwe taa. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Ni mara ngapi nimemsogeza bibi harusi dirishani kwa sababu umeme umekatika!

Kiangazi hichohicho, katika jimbo hilohilo la New York, vijana wengi wao weupe walikusanyika kwa tamasha la Woodstock. Filamu yao ilitoka 1970, ikachukua tuzo ya Oscar, ikawa historia ya dunia. Ya Harlem ilionyeshwa vipande vichache kwenye televisheni, kisha Tulchin akahangaika nayo kutafuta mnunuzi asipate. Akaiweka kwenye chumba cha chini nyumbani kwake. Alifariki 2017. Ahmir Thompson, mpiga ngoma anayejulikana kama Questlove, akaitengeneza kuwa Summer of Soul, ikatoka 2021, na 2022 ikapata Oscar yake.

Mkono wa Questlove unaonekana mapema kabisa, anapotupatia Stevie Wonder, kijana wa miaka 19, ameketi nyuma ya ngoma anazicharaza. Ila mimi nakumbuka zaidi mzee mmoja aliyekuwa mtoto mdogo siku ile bustanini. Wanamkalisha mbele ya picha, anajitazama utoto wake, machozi yanamlengalenga. Miaka yote alikuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mtu wala kitabu kilichomthibitishia. Sasa akaiona. Mtu anaweza kuishi nusu karne akidhani aliota, kwa sababu tu ushahidi uko kwenye chumba cha chini cha mtu mwingine.

Ya tatu inatuhusu kwa karibu. Septemba 1974 Kinshasa ilitayarisha pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na sambamba nalo tamasha la siku tatu lililoandaliwa na Hugh Masekela na Stewart Levine: James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz, Miriam Makeba, na wenyeji Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti. Siku chache kabla, Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wanamuziki hawakusubiri, wakapiga tarehe 22 hadi 24 Septemba, ngumi zikaja baadaye.

Leon Gast ndiye aliyesimamia picha zile, na matatizo ya pesa na ya kisheria yakamkwamisha miaka 22. When We Were Kings ilitoka 1996, nayo ikapata Oscar. Hiyo ni filamu ya Ali. Muziki ulipewa mkeka wa pembeni. Mmoja wa wahariri wake, Jeffrey Levy-Hinte, alikuwa ameona vilivyobaki kwenye maboksi, na mwaka 2008 akavitolea Soul Power. Humo tunaona jukwaa likijengwa, watu wakigombana kuhusu gharama, wasanii wakipiga muziki ndani ya ndege wakiwa njiani, na Bill Withers peke yake na gitaa, uwanja mzima umenyamaza.

Malalamiko ninayo. Mimi ni mtoto wa Tanga, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Franco tulimcheza nyumbani kama mtu wa ukoo. Kwenye Soul Power, ndani ya mji wake mwenyewe, anapewa dakika chache, Tabu Ley vivyo hivyo, kisha kamera inarudi kwa wageni. Mhariri alijua anamtengenezea nani. Sauti za Waafrika wa tamasha lile zilikuja kupewa albamu yao mwaka 2017. Nikiisikiliza, nakaa nikijiuliza maswali ya mpiga video: Franco alisimama vipi? Nani alimtunza?

Ukitaka kuona mtu akipigwa picha kwa wakati wake, tafuta As Old as My Tongue, filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude wa Unguja. Bibi yuko nyumbani na sigara yake, yuko kwenye ngoma za unyago, yuko Ulaya mbele ya wazungu, na kote ni yuleyule. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Wanaotaka kujua alivyocheka, alivyotembea, alivyokaa kwenye ngoma, wanapo pa kutazama, kwa sababu mtu hakungoja afe ndipo amthamini.

Amazing Grace ilinifanya nifungue kabati. Kaseti ya sauti ya 1997 ilikuwepo, imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Nikaenda kumwamkia yule mama, sasa bibi wa wajukuu wengi. Akaenda kwenye sanduku la kanga, akaitoa ya VHS. Nilimwomba nikaitazame. Dakika 40 za mwanzo zilikuwa mieleka: wajukuu walikuwa wamerekodi televisheni juu yake. Bibi harusi kutolewa, mashoga kuingia, vyote vimekwenda. Kilichobaki ni kipande cha mwisho cha taarabu.

Sikuwa na kibao. Nilitafuta sekunde moja inayoonekana na kusikika, nikaipata kwa mtoto: kasimama mbele ya jukwaa na puto, likapasuka, paa! Mwimbaji akashtuka, akacheka bila kupoteza mstari. Nikaliweka puto la picha juu ya puto la sauti. Kaseti mbili haziendi mwendo mmoja, kwa hiyo kila baada ya dakika chache sauti ilitangulia nami nikaivuta nyuma kidogo. Jioni tatu za kazi zikanipa dakika kumi na nane. Mwimbaji yule alishafariki. Mama akazitazama zote pasipo kusema neno, kisha akaniambia nirudie pale penye puto.

Sasa nakuomba wewe mwenye kabati. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuunda deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na deki zilizobaki mjini zinakufa moja moja. Hewa yetu ya pwani inaotesha ukungu kwenye utepe. Zisimamishe kaseti zako kama vitabu, mahali pakavu. Andika mwaka, ukumbi, kikundi, na majina ya walioimba, maana wajukuu hawatawatambua. Mtafute fundi azihamishie kwenye kompyuta, uweke nakala nyumba mbili tofauti.

Na leo hii, kabla hujalala, geuza kila kaseti utazame upande wa mgongo wake. Kwenye kona kuna kijiti kidogo cha plastiki. Kivunje kwa bisibisi. Kikishatoka, deki haitakubali tena kurekodi mieleka juu ya mama yako.