Siku tisini za cheti cha bure

Meza yangu iko barabarani, hatua chache kutoka biro ya komini: kompyuta, printa, na betri ya kunisaidia SNEL wakikata umeme. Wengi wanaonijia hapa Bukavu hawaanzi na barua ya kuchapa. Wanaanza na "Mama, niingilie wapi?" Jibu la swali hilo silitozi pesa, ingawa ndilo linalonilia muda.

Wanaouliza zaidi ni wazazi wenye watoto wasioandikishwa. Karatasi ya maternite si cheti cha kuzaliwa. Inasema tu kwamba mama fulani alijifungulia pale. Ile atestasyo ya komini shule huipokea, lakini nayo si cheti. Cheti chenyewe, akte, hutoka kwenye daftari la serikali, kina namba yake, na ndicho utakachodaiwa ukitaka pasipoti. Sheria ya familia ya 1987 iliwapa wazazi siku 30 za kumwandikisha mtoto. Marekebisho ya 2016 yakazifikisha 90. Ndani ya siku hizo ni bure.

Bure, na bado uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulikuta asilimia 40 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa. Watu husema wazazi ni wazembe. Nabisha. Mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza mtaani Kadutu akishindwa kulipa bili ya uzazi, anaweza kunyimwa karatasi ya maternite mpaka amalize deni. Analipa kidogo kidogo. Akija kuipata, siku 90 zimekwisha.

Hapo sasa anaingia mahakama ya watoto. Anaandika ombi, analeta mashahidi, hakimu anatoa hukumu kwamba mtoto alizaliwa siku fulani. Haijaisha: anangoja muda wa rufaa upite, halafu karani ampe karatasi nyingine ya kuthibitisha kwamba hakuna aliyekata rufaa. (Sijui nani angekwenda kupinga kuzaliwa kwa mtoto wa jirani.) Ndipo anarudi komini, hukumu ikaandikwe daftarini. Kila mlango una gharama zake zenye risiti, na una sukari, ambayo haina risiti. "Chefu ametoka, mama, pita kesho." Kesho hiyo ni siku nyingine ya kutouza samaki, na kwa hesabu yangu inamuumiza mtu kuliko sukari yenyewe.

Hivi karibuni alikuja mama mmoja na dosie iliyokataliwa. Karatasi ya maternite ilimwandika mtoto Chibalonza. Yeye mwenyewe, kwenye ombi, aliandika Cibalonza, kama sisi Washi tunavyoandika. Herufi moja tu, na ofisa akaona watoto wawili. Nikamwomba kitambulisho chake nihakikishe majina. Akanitolea kadi ya mpiga kura ya 2023: picha imefutika, jina limebaki kivuli.

Kadi zile zilifutika kwa watu wengi, hata CENI, tume ya uchaguzi, wenyewe wakalazimika kutoa nyingine. Na hatuna pa kukimbilia, kwa sababu nchi hii haijafanya sensa tangu 1984, na kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Juni 2023 Rais Tshisekedi alikabidhiwa kadi ya kwanza ya uraia mbele ya kamera. Huku kwetu sijaona mteja hata mmoja akiichomoa mfukoni. Huyu mama alikuwa ameshauriwa aombe hati ya kupotelewa na kadi. Kadi anayo mkononi!

Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, kuna swali jipya ambalo naulizwa kwa sauti ya chini: cheti chenye kashe ya utawala wa sasa kitapokelewa Kinshasa? Ninachowaambia ni hiki: tunza karatasi ya maternite, hata ikichakaa, toa fotokopi za kila kitu kabla ya kukiacha dirishani, ukilipa, dai risiti, na kama mtoto bado yumo ndani ya siku 90, usikae kungoja siasa itulie.

Mama Cibalonza nilimwuliza kama anataka tusubiri kwanza. Akavuta kiti.

"Andika, mama. Weka C peke yake, halafu unisomee."