Umeuza Pikipiki, Jina Lako Umelihamisha?

Ndugu msomaji, kila ifikapo Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa Masasi, Newala na wilaya jirani, huingia majumbani fedha ambazo hazikuonekana mwaka mzima. Wapo wanaoezeka nyumba kwa bati, wapo wanaolipa mahari, na wapo wengi wanaonunua chombo cha usafiri. Si lazima kiwe kipya. Mara nyingi ni pikipiki iliyokwisha tumika, au Land Rover kuukuu ya mzee aliyestaafu. Ukifika mwezi wa Februari, fedha za korosho zimekwisha na mazao ya shambani hayajakomaa. Hapo chombo kile kile hutafutiwa mnunuzi mwingine ili familia ivuke kipindi cha njaa.

Kwa mwendo huo, pikipiki moja huweza kupita mikononi mwa watu wanne au watano ndani ya miaka michache. Mikono hubadilika, lakini jina lililoandikwa katika kadi ya usajili hubaki lile la mtu wa mwanzo. Wengi huona kuwa hili ni jambo dogo la karatasi. Makala haya yanakusudia kuonesha kuwa si dogo, kwa sababu ndani yake mna haki za watu, amana na mirathi.

Vyombo vya zamani na thamani yake

Watu wa sehemu hizi wameishi kwa kutegemea magari tangu zamani. Reli ya Kusini, iliyojengwa kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni, haikudumu. Mradi wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo mizigo ya uwanda wa Makonde, wagonjwa wake na maji yake, yote yalipanda na kushuka mlima kwa magari, au kwa vichwa vya akina mama.

Ndiyo maana gari kuukuu huku halidharauliwi. Land Rover aina ya Series III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, zina bodi ya aluminiamu isiyoliwa na kutu kama chuma, na fundi wa kijijini huweza kuzifungua na kuzifunga kwa spana chache. Katika pikipiki, Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ilibuniwa mahsusi kwa nchi ambazo barabara zake ni mbovu na mafundi wake wako mbali. Injini yake ilistahimili kiasi kwamba viwanda vingi vya China viliiga umbile lake, na pikipiki nyingi za mkopo na bodaboda tunazoziona leo ni wajukuu zake.

Chombo cha namna hiyo kikitunzwa hudumu kuliko mwenyewe. Na hapo ndipo penye mtihani: chombo kinachodumu kuliko mwenyewe kinahitaji hati zitakazosema kweli wakati mwenyewe hayupo.

Kinachotokea jina lisipohama

Tumchukulie, kwa mfano, baba mmoja wa Newala aliyeuza pikipiki yake kwa kijana wa Masasi. Walipeana fedha na funguo mbele ya fundi, kadi ikatiwa mfukoni, wakaagana kwa wema. Kijana akaiuza kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Siku moja pikipiki ile ikamgonga mtoto barabarani, dereva akakimbia akaiacha. Polisi watamtafuta nani? Mtu wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye jina lake limo katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, ambayo ndiyo yenye daftari la usajili wa vyombo vya moto. Baba wa watu atajikuta akijieleza juu ya ajali asiyoijua, na mfamasi ile iliyoumizwa itakuwa inahangaika bila kujua imdai nani.

Mnunuzi naye hayuko salama. Akitaka kuuza, mnunuzi makini atamwuliza: aliyeandikwa katika kadi ni nani, na yuko wapi? Akitaka kukopa kwa dhamana ya chombo, hana la kuonesha. Bima ya lazima, ile ya kumlinda mtu wa tatu, ikikatwa kwa jina la mtu asiyekimiliki tena chombo, yanaweza kuzuka mabishano siku ya kudai fidia. Na faini za barabarani hufuata namba ya chombo. Mwaka 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, lakini makosa yakirundikana bila kulipwa, atakayekuja kuyakuta ni mwenye chombo wa leo.

Tunalolisema hapa mkulima wa korosho analielewa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, hakuna mkulima anayekubali gunia lake lipokelewe ghalani bila karatasi yenye jina lake na uzito wa mzigo wake. Iweje mtu huyo huyo, anayepigania stakabadhi ya gunia moja, aitoe pikipiki nzima kwa neno la mdomo?

Funzo la ngamia wa Jabir

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Katika Suratul Baqarah, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda maalumu liandikwe, liwe dogo au kubwa, na waumini wasichoke kuliandika. Biashara ya mkono kwa mkono imeruhusiwa bila maandishi, lakini hata hapo wanaouziana wametakiwa waweke mashahidi. Basi tujiulize: mauzo ya gari yana sura gani? Fedha zinaweza kumalizika siku ile ile, lakini wajibu wa kuhamisha jina unabaki mbele. Jambo lililobaki mbele ndilo linalostahili kuandikwa.

Imepokewa pia na Bukhari na Muslim habari ya Jabir bin Abdullah (Allah amridhie), aliyekuwa safarini na ngamia wake amechoka. Mtume (S.A.W.) alitaka kumnunua ngamia yule. Jabir akakubali, lakini akaweka sharti kwamba atampanda mpaka Madina kwanza. Sharti likakubaliwa. Walipofika, Jabir akamleta ngamia, akalipwa thamani yake, kisha Mtume (S.A.W.) akamrudishia ngamia yule yule kuwa zawadi.

Tunaikumbuka habari hii kwa ukarimu wake, nasi tuna haki. Lakini tuitazame pia kama biashara ya kipando. Bei ilitajwa. Sharti lilisemwa mapema, wala halikuzuka baada ya kupeana mikono. Ilijulikana ni lini ngamia atatoka mkononi mwa huyu na kuingia mkononi mwa yule. Hapakuwa na wakati ambapo mtu angeuliza: mnyama huyu sasa ni wa nani?

Kuhusu kasoro, mafundisho ni wazi. Haimfalii Mwislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye kasoro anayoijua bila ya kumbainishia. Wauzianaji wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Anayetia mafuta mazito ili injini iliyochoka isitoe moshi siku ya kuonwa, huyo ameuza baraka yake pamoja na pikipiki.

Njia ya kufuata

Kwanza, mnunuzi ahakikishe anayemuuzia ndiye mwenye chombo, au amewakilishwa naye kwa maandishi, kwa kuwa mtu haruhusiwi kuuza asichokimiliki. Jina la kadi lilinganishwe na kitambulisho cha muuzaji. Kama havilingani, asitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka mwenye jina apatikane.

Pili, iandikwe hati ya mauziano. Itaje majina kamili ya pande mbili, namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, bei, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, tarehe na saa ya makabidhiano, na kasoro zote zilizojulikana. Mashahidi watie saini, na hati ithibitishwe na wakili. Saa isidharauliwe, kwani ajali ikitokea jioni ya siku ile ile, saa ndiyo itakayoamua chombo kilikuwa mikononi mwa nani.

Tatu, pande mbili ziende pamoja kwenye ofisi ya TRA iliyo karibu, zikiwa na kadi halisi, hati ya mauziano, vitambulisho na namba za mlipakodi za wote wawili. Ada za uhamisho za miaka ya karibuni zimekuwa shilingi 50,000 kwa gari na 27,000 kwa pikipiki, pamoja na shilingi 10,000 za kadi mpya na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Kwa kuwa viwango hupangwa upya katika bajeti, ni vyema kuuliza kabla ya kupatana bei, na kukubaliana ni nani atakayelipa. Wengi walioacha kuhamisha jina waliacha kwa sababu kila mmoja alidhani gharama ni ya mwenzake.

Nne, wale wenye pikipiki za mkataba, ambapo kijana humlipa tajiri kila siku au kila wiki mpaka chombo kiwe chake, hawa ndio wanaohitaji maandishi kuliko wote. Iandikwe jumla ya malipo, muda wake, nani anatengeneza kinapoharibika, na nini kitatokea kijana akiugua. Vijana wengi wamelipa hadi mwisho, kisha wakaambiwa bado.

Gari kuukuu lina mambo yake

Kwa chombo cha miaka mingi, kadi peke yake haitoshi. Ni lazima isomwe mbele ya chombo chenyewe. Land Rover nyingi za zamani zimekwisha badilishwa injini, na zipo zinazotembea kwa injini ya dizeli ya gari jingine kabisa. Hilo si kosa, lakini mabadiliko ya injini au rangi yanapaswa kuingizwa katika usajili. La sivyo, mnunuzi atakuwa na gari ambalo kadi yake inaeleza gari jingine. Namba ya chasisi itafutwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati tu, maana kibati hung'oka na kuhamishika. Katika pikipiki, namba ya fremu aghalabu hupigwa kwenye shingo ya usukani, na ya injini chini ya injini yenyewe. Namba iliyosuguliwa au kupigwa upya ni alama ya hatari. Mwenye busara huondoka.

Zitazamwe pia namba za usajili. Gari lililolala miaka mingi huenda bado lina namba za zamani zilizoanza na TZ, kabla ya utaratibu wa T yenye tarakimu tatu na herufi tatu. Pikipiki nazo zilihamishiwa kwenye namba zinazoanza na MC. Chombo ambacho hakikupita mabadiliko hayo kipelekwe kwanza TRA kiulizwe, ndipo kiuzwe. Na ifahamike kuwa ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, ikafidiwa kwa kuongeza ushuru wa mafuta shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo dalali asimtishe mtu kwa ada ya mwaka ambayo haipo tena.

Gari la marehemu

La mwisho, na ndilo zito. Katika nyumba nyingi za sehemu hizi liko gari chini ya mwembe, au pikipiki iliyofunikwa turubai, ambayo mwenyewe amekwisha kutangulia mbele ya haki. Hapo huja mjomba, huja kaka, huja mtoto mkubwa, na kila mmoja ana mnunuzi wake. Kwa mila za ukoo wa mama zilizoenea kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, sauti ya mjomba ni kubwa, na heshima yake haina ubishi. Lakini heshima si umiliki. Chombo cha marehemu ni sehemu ya mirathi: hutanguliwa na gharama za maziko, madeni na wasia, kisha kila mrithi hupata fungu lake, mjane na mayatima wakiwamo. Qur'ani imetoa onyo kali sana, katika Suratun Nisaa, kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma.

Kisheria pia, maiti hawezi kutia saini. Familia inapaswa kwenda Mahakama ya Mwanzo, iteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo ndiye atakayeuza na kuhamisha jina, kisha agawe fedha. Anayenunua gari la marehemu bila ya kuiona barua ya msimamizi amenunua ugomvi wa familia nzima.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo, ukirudi nyumbani, ifungue sanduku au kabati unamohifadhi hati. Kama unayo kadi yenye jina la mtu mwingine, mtafute mtu huyo angali hai. Kama ulikwisha uza chombo na hukuhamisha jina, mtafute uliyemuuzia, hata kama ni kwa kupanda mlima wa Newala au kushuka Masasi. Nauli ya siku moja ni nyepesi kuliko kuwaachia watoto kesi ya kitu ambacho baba yao alikwisha kukiuza.

Wabillahi tawfiq.