Uvimbe wa taya: kumtibu mtoto si kutupa fedha

Kila nikigusia saratani, wasomaji hunirudishia swali lile lile: ugonjwa wenyewe hauponi, ya nini kuuza ng'ombe?

Jibu liko hospitali ya Mulago, Kampala. Hapo ndipo daktari Denis Burkitt alipoueleza mwaka 1958 uvimbe wa saratani wa taya za watoto unaobeba jina lake, na hapo ndipo Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanzishwa mwaka 1967. Utafiti wa gharama uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kila mwaka wa uhai wenye afya unaookolewa kwa kutibu saratani hii Uganda hugharimu takriban dola 97. Pato la wastani la Mganda kwa mwaka ni mara kadhaa ya hizo.

Imekuwaje rahisi hivyo? Kwanza, mgonjwa ni mtoto: akipona, ana miaka mingi mbele yake, na gharama hugawanywa kwa miaka yote hiyo. Pili, ukali wa saratani hii ndio udhaifu wake. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na dawa za kemo huziua hasa seli zilizo katika kujigawa. Ndiyo maana uvimbe mkubwa huweza kunywea ndani ya siku chache.

Hapo ndipo wazazi hudanganyika. Uso umerudi, mtoto anacheza, nauli ya kutoka Arua hadi Mulago, karibu kilomita 500, imekwisha, wanabaki nyumbani. Lakini fanya hesabu: seli moja iliyosalimika, ikijigawa kila siku mbili, baada ya siku 20 ni zaidi ya elfu moja, baada ya siku 40, zaidi ya milioni. Kukatiza matibabu ni kupoteza fedha zote zilizokwisha kulipwa, na mara nyingi mtoto pia. Nauli hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya dawa, na bajeti ya serikali iione hivyo.

Wauza chupa za majani wanaodai mtoto amerogwa wanakula siku hizo hizo 40. Sina subira nao. Wanapokea ng'ombe, hospitali inapokea maiti.

Taya likivimba, meno yakilegea au tumbo likijaa, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Maliza mizunguko yote ya dawa. Kisha rudi kliniki kila tarehe uliyopangiwa, hata mtoto akiwa mzima: saratani hii ikirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza.