Dengi Isiyofika Hospitali: Jinsi Watoto wa Shule Wanavyofichua Uzito wa Ugonjwa

Mtoto asipofika darasani, mwalimu hutia alama kwenye daftari la mahudhurio, kisha somo huendelea. Akirudi baada ya siku tano, mzazi hueleza kwamba alikuwa na homa, na mambo huishia hapo. Katika jimbo la Kamphaeng Phet, kaskazini mwa Thailand, alama hiyo ya mwalimu iligeuzwa kuwa chombo cha sayansi. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2002, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 2,000 wa shule za msingi, na aliyekosa shule katika msimu wa maambukizi alifuatwa nyumbani ili ijulikane anaumwa nini. Walichokuwa wakikitafuta ni homa ya dengi.

Swali lao lilionekana jepesi: dengi inawaumiza watoto kiasi gani? Wizara ya afya ya nchi yoyote inaweza kulijibu kwa kufungua rejesta za hospitali na kuhesabu waliolazwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila ni pungufu, kwa sababu mgonjwa wa dengi anayelazwa ni mmoja tu kati ya wengi. Wengine hulala nyumbani wakiwa na homa kali, wakinyweshwa uji na parasetamoli, huku mama au bibi akiacha shughuli zake kuwauguza. Hao hawaandikwi popote. Na kisichoandikwa, serikali haikitengei fedha.

Ugonjwa unaobadilika ghafla

Dengi husababishwa na virusi vya aina nne vilivyo ndugu, na msambazaji wake mkuu ni mbu wa Aedes aegypti. Tabia za mbu huyu zinamweka karibu sana na mwanafunzi. Huuma mchana, hupenda kukaa ndani ya majengo, na hutaga mayai katika maji yaliyotuama kwenye mapipa, ndoo, matairi ya zamani na vyungu vya maua. Chandarua, ambacho ni kinga kubwa dhidi ya malaria, hakimsaidii sana mtoto anayeumwa na mbu saa nne asubuhi akiwa kwenye dawati.

Ugonjwa huanza kwa homa ya ghafla, kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, kutapika, pengine na vipele. Wengi hupona ndani ya wiki moja. Kwa wachache, hatari huja pale homa inaposhuka na mzazi anapoanza kushusha pumzi. Mishipa midogo ya damu huvuja majimaji, damu huwa nzito, presha huanguka, na mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Kinachookoa maisha ni maji yanayotolewa kwa kipimo sahihi na kwa wakati wake, pamoja na jicho la daktari anayejua dalili za hatari.

Thailand ilikutana na sura hii kali mwaka 1958, mlipuko ulipoikumba Bangkok na kuua zaidi ya mgonjwa 1 katika kila 10 waliofikishwa hospitalini. Katika miaka iliyofuata, madaktari wa watoto wa jiji hilo, akiwemo Dakta Suchitra Nimmannitya, waliandika kwa makini jinsi ugonjwa unavyopiga hatua moja baada ya nyingine, na jinsi ya kupanga maji kwa kila hatua. Kazi yao ikawa msingi wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1975. Leo, mahali ambapo utaratibu huo unafuatwa vizuri, vifo viko chini ya mgonjwa 1 kati ya 100.

Mafanikio hayo yalizaa swali jipya. Ikiwa watoto wengi sasa hawafi, je, ugonjwa umekuwa mwepesi? Hapo ndipo kazi ya Kamphaeng Phet ilipohitajika.

Kutoka daftari la mahudhurio hadi maabara

Watafiti wa Thailand na Marekani walichagua shule kadhaa na kuwachukua watoto kabla hawajaugua. Jambo hili ni la msingi. Anayeanza na wagonjwa walioko wodini atamkosa kila ambaye hakufika wodini. Anayeanza na watoto wazima na kuwafuatilia mwaka baada ya mwaka atawaona wote: aliyelazwa, aliyelala nyumbani na aliyeambukizwa bila kuhisi lolote.

Damu ya watoto ilichukuliwa kwa vipindi, ili kingamwili zilizokuwemo kabla ya msimu wa dengi zilinganishwe na zilizoonekana baada yake. Katikati ya vipindi hivyo, utoro wa shuleni ulikuwa kengele. Mhudumu wa afya alikwenda nyumbani, akauliza habari za mtoto, akapima joto lake. Mwenye homa alichukuliwa damu, na baada ya wiki mbili hivi alichukuliwa tena. Sampuli mbili zinahitajika kwa sababu homa haina sahihi. Kwa macho, dengi inaweza kufanana na mafua makali, homa ya matumbo au malaria. Kingamwili zikipanda sana kati ya sampuli ya kwanza na ya pili, maabara inaweza kusema kwa uhakika kwamba virusi vya dengi ndivyo vilivyopita.

Katika miaka hiyo mitano yalihesabiwa matukio 3,056 ya homa, na 328 kati yake, yaani asilimia 11, yalikuwa dengi. Aidha, ulinganisho wa damu za kabla na baada ya msimu ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maambukizi, takribani nusu, yalipita kimya. Mtoto aliendelea kwenda shule na kucheza mpira, huku mwili wake ukipigana vita ambavyo hakuna aliyevijua.

Ukimya huo haumaanishi usalama kwa wengine. Utafiti uliofanywa Kambodia na kuchapishwa mwaka 2015 ulithibitisha kwamba hata mtu asiye na dalili anaweza kumwambukiza mbu anayemuuma. Tena, huko huko Kamphaeng Phet, awamu ya baadaye ya utafiti iliangalia watoto wanaoishi ndani ya mita 100 kutoka nyumba ya mwanafunzi mwenye homa. Pale mwanafunzi alipokuwa na dengi, majirani 27 kati ya 217 walikutwa wameambukizwa. Pale homa ilipokuwa ya kitu kingine, kati ya majirani 339 hakukuwa na hata mmoja. Mwanafunzi mmoja aliyekosa shule, akipimwa mapema, anaweza kuonyesha mtaa ambao virusi vinazunguka siku hiyo hiyo.

Wiki moja kitandani ina uzito gani?

Kuhesabu wagonjwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima uzito wa kila ugonjwa, ili dengi iweze kuwekwa kwenye mizani moja na kifua kikuu, kuhara au ajali za barabarani. Wataalamu hutumia kipimo cha miaka ya maisha yenye afya inayopotea. Kifo huhesabiwa kwa miaka ambayo marehemu angeendelea kuishi. Ugonjwa huhesabiwa kwa muda wake, ukizidishwa kwa namba iliyo kati ya 0 na 1 inayoeleza ukali wake. Katika hesabu za kimataifa za siku hizi, homa kali ya kuambukiza hupewa uzito wa 0.133. Kwa hiyo siku saba za homa kali ni sawa na kupoteza karibu siku moja ya maisha yenye afya.

Siku moja inaonekana kitu kidogo, hasa ikilinganishwa na mtoto wa miaka minane anayefariki na kupoteza miaka 60 au zaidi. Kifo kimoja cha namna hiyo kina uzito wa watoto zaidi ya 23,000 waliolala wiki nzima kwa homa. Kwa hesabu hiyo, mtu angetarajia kwamba waliouguzwa nyumbani wasingesogeza mizani hata kidogo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 katika jarida la The Lancet yalionyesha kinyume chake. Wagonjwa wa dengi ambao hawakulazwa walibeba kati ya asilimia 44 na 73 ya mzigo wote wa dengi, kutegemea mwaka. Maana yake, katika nchi ambayo madaktari wake wamejifunza kuzuia vifo, sehemu kubwa ya mateso imehamia majumbani, mahali ambapo rejesta ya hospitali haifiki. Mpango wa taifa unaotegemea hesabu ya waliolazwa peke yake unaweza kuacha nje nusu ya ugonjwa, au zaidi.

Funzo lingine limo katika tofauti ya miaka. Kwa wastani, dengi iliondoa miaka 465 ya maisha yenye afya kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Lakini mwaka mwepesi ulikuwa na takribani 77, na mwaka mzito ulifika 954, mara kumi na mbili zaidi. Aina za virusi nazo hazikulingana: aina ya pili na ya tatu zilibeba karibu sehemu tatu kati ya tano za mzigo zikijumlishwa, ilhali aina ya nne ilibeba asilimia 1 tu. Mtafiti angekwenda pale kwa mwaka mmoja na kuondoka, angeandika ripoti ya kutisha au ya kutuliza, kulingana na bahati ya mwaka wake. Dengi inahitaji kupimwa kwa miaka mingi mfululizo. Managua, nchini Nikaragua, wanafanya hivyo tangu mwaka 2004, na damu za watoto wa huko zimesaidia kueleza mojawapo ya mafumbo makubwa ya ugonjwa huu.

Gharama ya kutojua

Fumbo lenyewe ni hili. Mtoto aliyepona aina moja ya dengi hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini akiambukizwa aina nyingine baadaye, hatari ya kuugua vibaya huongezeka. Kingamwili za mwanzo, zikiwa katika kiwango cha kati, hushindwa kuua virusi vipya na badala yake huvisaidia kuingia kwenye seli. Dakta Scott Halstead alianza kuona dalili za jambo hilo Bangkok katika miaka ya 1960. Mwaka 2017, takwimu za watoto wa Managua zililithibitisha kwa binadamu.

Mwaka 2016, kabla ya somo hilo kuzingatiwa ipasavyo, Ufilipino ilianza kuchanja wanafunzi kwa Dengvaxia, chanjo ya kwanza ya dengi. Watoto zaidi ya 800,000 walichomwa. Mwishoni mwa Novemba 2017, kampuni iliyoitengeneza, Sanofi, ilitangaza kwamba chanjo inamlinda aliyekwisha kuambukizwa dengi, lakini inaweza kumwongezea hatari ya ugonjwa mkali ambaye hajawahi kuambukizwa. Mpango ulisimamishwa, na hofu ikasambaa hadi kwenye chanjo nyingine. Utafiti wa maoni ulionyesha kwamba Wafilipino waliokubali kwa nguvu kuwa chanjo ni muhimu walishuka kutoka asilimia 93 mwaka 2015 hadi 32 mwaka 2018.

Watoto hao hawakupimwa damu kabla ya sindano, na walistahili kupimwa. Dunia imejifunza kwa gharama kubwa. Kwa chanjo mpya ya Qdenga, Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 katika maeneo yenye maambukizi mengi. Mojawapo ya vigezo vyake ni kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watoto wawe wameshaambukizwa wanapofika miaka tisa. Kigezo hicho hakiwezi kujulikana kwa kukaa ofisini. Lazima mtu aende shuleni na kupima damu.

Somo kwa Afrika Mashariki

Dengi si mgeni kwetu. Virusi vyake vilitambuliwa Malindi mwaka 1982, Mombasa ilipata mlipuko mwaka 2013, Dar es Salaam ikafuata mwaka 2014, na mwaka 2019 Tanzania ilirekodi wagonjwa zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa jijini humo. Hao ni waliofika hospitali, wakapimwa, wakaandikwa. Tukikumbuka Kamphaeng Phet, tunajua namba hiyo inaacha watu wengi nje.

Kwetu kuna kizuizi kimoja zaidi. Homa ya mtoto bado huitwa malaria kabla hata ya kipimo. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014 ulichunguza watoto 1,005 wenye homa na kukuta malaria kwa takriban mmoja kati ya kumi. Wengi wa waliobaki walikuwa na magonjwa ya virusi. Mtoto wa dengi anayepewa dawa ya malaria hukosa uangalizi anaouhitaji siku homa inaposhuka, na taifa hukosa kujua kwamba dengi imeingia mtaani.

Wataalamu walikadiria mwaka 2013 kwamba dunia hupata maambukizi milioni 390 ya dengi kila mwaka, na milioni 96 kati yake huleta ugonjwa. Katika makadirio kama hayo, Afrika hujazwa kwa hesabu za kompyuta kwa sababu vipimo vya moja kwa moja ni vichache. Tunaweza kuvipata bila kusubiri maabara za kifahari. Shule chache za Temeke, Mombasa na Unguja, madaftari ya mahudhurio yanayosomwa kila siku, wahudumu wa afya ya jamii ambao tayari wapo, vipimo vya haraka vya malaria na dengi, na damu inayochukuliwa kabla na baada ya mvua kwa miaka mitano mfululizo, kwa ridhaa ya wazazi: hizo ndizo nyenzo. Kazi hiyo ikianza leo, siku chanjo itakapobisha hodi wizara zetu zitaamua kwa kutazama damu za watoto wetu wenyewe. Wazazi nao wakiuliza kama sindano hiyo ni salama kwa mtoto wao, watapata jibu lenye ushahidi.